Vidonge Kumi na Saba Kabla ya Tabora

Tangu nirudi, kila anayepita nyumbani ananiuliza habari za shangazi. Anaendeleaje, alitoka lini hospitali, na mimi nilikuwa na akili gani kumpeleka mtu wa umri ule safari ya mbali namna ile. Nimechoka kusahihisha mmoja mmoja, kwa hiyo naandika mara moja mpeane. Shangazi Nyamizi ni mzima wa afya. Aliyelazwa Tabora ni mimi, Kabula, mwalimu wa jiografia, mtu mwenye cheti cha huduma ya kwanza ukutani, na kilichonilaza ni parasetamo. Sikuwa hata mgonjwa nilipoanza kuzimeza. Nilizimeza kwa adabu, kimoja kimoja, mbele za watu, huku nikishukuriwa.

Habari za tiketi na ruhusa ya kazini naziruka, maana hazina utamu wowote.

Dodoma hadi Itigi

Shangazi ni dada mkubwa wa marehemu baba. Alizaliwa kijijini karibu na Tura, na babu yake alikuwa mpagazi wa misafara, mmoja wa wale waliobeba mizigo begani kutoka pwani hadi Ujiji. Ameisimulia njia hiyo tangu nikiwa mtoto, lakini mwenyewe hajawahi kuvuka Tabora. Mwaka huu goti lake la kulia lilianza kuvimba, akaniambia bila kuzunguka, "Goti hili linanipa mwaka mmoja, mwanangu. Nataka kuliona hilo ziwa nikiwa nasimama." Shule zilikuwa zimefungwa. Ningemkatalia kwa lipi?

Nilifungasha kama mwalimu. Nilichukua mkebe mkubwa wa biskuti, nikauosha, nikaupanga: bandeji, pamba, mkasi, dawa ya vidonda, pakiti za chumvi za kuharisha. Vidonge vilinisumbua kwa sababu maboksi yake yalijaza mkebe. Nikavitoboa vyote kwenye karatasi zake, nikavimimina katika vichupa vitatu vya mafuta ya kujipaka. Cha kwanza vidonge vyeupe vya kichwa, cha pili vya mafua, cha tatu vya mgongo na viungo. Zile karatasi za maelezo zinazokaa ndani ya boksi sikuzitupa, mimi si mtu wa kutupa maandishi. Nilizikunja nikazitandika chini ya mkebe ili vichupa visigongane. Nilijipongeza sana.

Tuliondoka Dodoma kumepambazuka, kwa treni ya reli ya zamani. Tulipoipita Saranda goti la shangazi likaanza. Nikafungua mkebe, nikampa kidonge cheupe na chupa ya maji. Hakumeza. Alikiweka katikati ya kiganja akakitazama.

"Onja kwanza," akasema.

"Shangazi, hii ni dawa."

"Dawa au pombe, ni mamoja. Anayetoa ndiye anayeonja kwanza, mbele ya anayepewa."

Akanieleza. Kambini kwenye njia ya misafara watu walilala jirani na wasiowajua kwa jina wala kwa kabila. Mwenye mtungi wa pombe alionja kwanza, mgeni aone kwamba hamna kitu ndani, ndipo mgeni apokee. Na mgeni akishaona mwenziwe ameonja, hawezi tena kukataa, maana atakuwa amemwita mchawi. Mpaka leo, akasema, kwao Tura mtu asiyeonja kwanza hapokelewi kitu, hata awe nani.

Mnanijua nilivyo na mila. Nikiisikia mpya siwezi kukaa nayo bila kuijaribu. Nikachukua kidonge changu, nikakimeza kwa maji, nikafumbua mdomo aone. Shangazi akatia chake mdomoni, akajipangusa kwa pindo la kanga, akasema asante. Mimi nikatoa daftari nikaandika habari ya mtungi.

Mama aliyekaa mbele yetu, mfanyabiashara wa vitenge anayekwenda Kaliua, alikuwa ameyaona yote. Kichwa kilikuwa kinamgonga tangu Dodoma. Akaomba. Nikampa kidonge, naye akakishika vilevile kiganjani akinitazama koo. Kiwiko cha shangazi kikanigusa ubavuni. Nikameza cha pili.

"Mwalimu, wewe una malezi," yule mama akasema, ndipo akameza chake.

Itigi waliingia wauza asali, kwenye chupa za maji zilizotumika. Kijana wa asali alichovya kijiti, akakilamba mwenyewe, ndipo akaninyooshea chupa. Shangazi akanifinya pajani kwa furaha, kama mtu aliyeshinda kesi. Vumbi la kituoni lilinipandisha chafya, nikanywa kidonge kimoja cha mafua kutoka kichupa cha pili, na shangazi akapata kingine cha goti. Mnajua tayari kwamba nami niliongeza changu.

Tura, treni iliposimama

Tuliingia Tura mchana, na hapo kichwa cha treni kikafa. Wakasema kinaletwa kingine kutoka Tabora. Kila aliyeuliza kitafika saa ngapi alijibiwa saa tofauti, na wajibuji wote walikuwa na uhakika. Watu wakateremka, wakatafuta kivuli upande wa pili wa mabehewa, wakaanza kuuziana vitu.

Mama mmoja mwenye sinia alitufuata na michembe iliyochemshwa pamoja na karanga. Kwa wasioijua, michembe ni viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa juani, na ukivichemsha vinakuwa vitamu kwa namna ya tende. Alikula kipande kimoja mbele yetu kabla ya kutupimia. Mimi nilishindwa kumaliza hata robo ya bakuli, mdomo ulikuwa na ladha ya chaki. Sikujiuliza kwa nini.

Jua lilikuwa kali na vichwa vya watu vikaanza kuuma. Mama wa vitenge akawaambia wenzake kwamba behewa letu lina mwalimu mwenye mkebe. Akaja mzee mwenye kofia ya sufu katika joto lile, akaniamkia kwa Kinyamwezi, "Mwadila, daktari."

"Mwadila, mzee. Shikamoo. Mimi si daktari, ni mwalimu."

"Marahaba. Ndiyo, mwalimu wa afya. Tumesikia mmeletwa."

Nikakana, lakini nakiri sikukana kwa nguvu. Nyuma yake walikuwa wanane. Mmoja mgongo, mwingine mafua, waliobaki kichwa. Kila mmoja nilimpa kidonge kimoja tu, kwa uangalifu, na kila mmoja nilimwonjea. Shangazi alisimama pembeni akiwaeleza kwa Kinyamwezi mimi ni mtoto wa nani, nao wakaitikia kwa kuguna. Walipokea kwa mikono miwili, wanawake wakipiga goti kidogo, macho yote kooni kwangu mpaka maji yapite. Nilikuwa najifunza watu wanavyoaminiana. Nilifurahia kuliko nilivyowahi kufurahia darasa lolote.

Na msidhani sikufikiri. Nilifikiri. Nilijiambia si vizuri kumeza mno dawa ya aina moja, kwa hiyo nikawa nabadilisha: huyu nikimwonjea kutoka kichupa cha kwanza, anayefuata nachukua cha pili, kisha cha tatu. Niliona huo ndio uangalifu wenyewe.

Baada ya mtu wa saba hivi, shangazi alinisogelea.

"Mwalimu, hizo hazina neno?"

"Hizi ni za kawaida, shangazi. Zinauzwa hata kwenye duka la sabuni."

Akarudi kivulini. Mchana ule naye alipata viwili vingine vya goti, kila kimoja kwa wakati wake, nami nikamwonjea vyote. Jioni kichwa kikaniuma mimi mwenyewe, nikanywa viwili vyeupe, nikalala kwenye kiti.

Kichwa kipya cha treni kilifika alfajiri. Niliamka na kichefuchefu, nikatapika dirishani mara moja, na lawama zote nikaitupia michembe. Yule mama wa sinia, popote alipo, naomba anisamehe.

Tabora, dukani kwa Bwana Hasmukh

Vichupa vilikuwa vimebaki na punje chache, na kabla ya treni ya Kigoma nilitaka kuvijaza. Mwenye nyumba ya wageni tuliyofikia alituelekeza duka la dawa la Bwana Hasmukh, Mhindi mzaliwa wa Tabora, mwenye mvi na miwani miwili, mmoja machoni na mwingine kifuani. Alimwamkia shangazi kwa Kinyamwezi, akimwita mama, kabla hajaniona mimi.

"Mwangaluka, mayu. Shikamoo."

"Marahaba, baba. Mwangaluka."

Nikamwekea vichupa vitatu juu ya meza na kumwambia anijazie vilevile. Alikichukua kimoja, akakigeuza.

"Maboksi yake yako wapi?"

"Yalikuwa yananijazia mkebe."

"Sasa mimi nitajuaje hiki ni nini? Na wewe unajuaje?"

Nikamtolea karatasi za maelezo kutoka chini ya mkebe, nikiwa bado najiona mjanja. Alizinyoosha moja baada ya nyingine, akaziweka kila moja mbele ya kichupa chake, akabadilisha miwani. Kisha akauliza swali ambalo lilionekana dogo.

"Hivi vichupa vilikuwa vimejaa lini?"

"Jana asubuhi."

"Mlikuwa wangapi?"

Nikamsimulia kwa raha zote. Habari ya mtungi, habari ya kuonja, mzee wa kofia ya sufu. Nilitegemea acheke. Yeye alichukua kalamu.

"Taratibu. Mama huyu ulimpa mara ngapi?"

"Nne."

"Na wewe ukaonja nne. Mama wa vitenge?"

"Kimoja."

"Tano. Mafua yako?"

"Kimoja."

"Sita. Tura?"

"Watu tisa."

"Kumi na tano. Basi, ndiyo yote?"

"Na viwili vya jioni. Kichwa kilikuwa kinaniuma."

Akaandika 17, akaizungushia mstari. "Mama huyu amekula vinne, hana neno. Wewe ndiye ninayekuulizia. Una kilo ngapi?"

Nikamwambia hamsini na mbili. Nikaongeza kwamba si vyote vilikuwa vya aina moja, nilikuwa nabadilisha. Hapo ndipo alipoweka kidole kwenye karatasi ya kwanza, akakihamishia ya pili, akamalizia ya tatu. Neno lilikuwa lilelile, parasetamo, na namba ileile, miligramu mia tano. Kidonge cha mafua kilikuwa nayo, pamoja na cha kukausha kamasi. Cha mgongo kilikuwa nayo, pamoja na dawa nyingine ya maumivu ambayo haitakiwi tumbo tupu.

"Vichupa vitatu, dawa moja," akasema. "Mtu mzima mwenye afya, ni kimoja au viwili kwa wakati. Akae walau saa sita kabla ya kurudia. Usiku na mchana, visizidi vinane, vya rangi zote ukivijumlisha. Na mwembamba kama wewe, ambaye hakula, hata vinane ni vingi. Umetapika?"

"Michembe ile."

"Si michembe."

"Lakini najisikia vizuri sasa, Bwana Hasmukh."

"Ndiyo ubaya wake. Siku ya kwanza mtu anajisikia vizuri. Ini halilii. Ukingoja liumwe ndipo uende, utakuwa umechelewa."

Nikakaa kwenye kigoda cha wateja. Nikamgeukia shangazi nikiwaza kwamba vinne kwa mtu wa miaka sabini na minne navyo si haba. Shangazi hakuwa ananitazama. Alikuwa anafungua fundo kwenye pindo la kanga yake, polepole. Ndani kulikuwa na vidonge vinne vilivyoloana kidogo na kukauka tena.

"Sikumeza hata kimoja," akasema. "Ulikuwa umeonja, nikashindwa kukataa. Lakini kuonja ni kugusisha ulimi, Kabula. Ukishagusisha, wameona, imetosha."

Bwana Hasmukh alifunga duka mchana kweupe, akatupakia kwenye bajaji, akaja nasi hospitali akiwa ameshika ile karatasi yenye 17.

Wodini

Sitawachosha na habari za kitanda. Walichukua damu, wakanitundikia dripu ya dawa ya kupambana na sumu ile, wakasema watapima tena kesho na keshokutwa. Daktari, dada mdogo kuliko wanafunzi wangu wa kwanza, alinisifu kwa jambo moja tu, kwamba nilikuja nikiwa na hesabu. Wengi, alisema, huja wakiwa na macho ya njano na hawakumbuki walichomeza.

Niliogopa. Naandika hivyo hivyo ilivyokuwa. Nilikuwa nalala nikijibonyeza ubavu wa kulia, nikisikiliza kama kuna kitu, na kutokusikia kitu kulinitisha zaidi. Kipimo cha pili kilionyesha ini limeanza kusumbuka. Daktari alisema kidogo tu, tungoje. Nilifundisha ramani ya mwili wa nchi hii kwa miaka ishirini na mitatu, mito yote na milima yote, na sikujua ini langu linafanya kazi gani hasa mpaka yule dada aliponichorea nyuma ya fomu. Nilimuuliza maswali mpaka akavuta kiti. Kwa nini dawa inayotuliza iue? Inakuwaje kiungo kinachosafisha ndicho kinachochafuka? Alinijibu yote, na nikiwa nauliza hofu ilikuwa inapungua.

Shangazi alikaa kando ya kitanda siku zote tatu, goti likiwa limevimba, akikataa kila dawa aliyopewa. Siku ya pili nikamuuliza.

"Uliniona nikimeza. Mbona hukunizuia?"

"Wewe ni mwalimu. Nilisema moyoni, huyu amesoma, hawezi kumeza asichokijua. Nikakuuliza pale Tura, ukanijibu ni vya kawaida. Ningekubishia mimi, ambaye hata karatasi ile siwezi kuisoma?"

"Na mimi nilisema moyoni, nikikataa kuonja nitamwaibisha shangazi mbele ya watu wa kwao."

"Basi tumeheshimiana," akasema, akaanza kulia. Sijawahi kumwona akilia, hata siku ya mazishi ya baba. Nikamshika mkono kwa ule wangu usio na sindano, tukakaa hivyo mpaka muuguzi alipoleta uji.

Kipimo cha tatu kilishuka. Daktari alikuja akitabasamu kabla hajafika kitandani, nikajua. Aliniambia nisiguse parasetamo kwa wiki kadhaa, nile, ninywe maji, na nirudi kupima nikifika Dodoma. Nimepima. Ni salama.

Tabora hadi Ujiji

Habari za ziwa mmeshazipata kwa shangazi mwenyewe, siziongezi. Alisimama. Picha mnazo.

Nitasema tu habari ya njiani. Bwana Hasmukh alikuwa amenipangia mkebe upya kwa mikono yake: kila dawa kwenye boksi lake, kwenye karatasi zake za kung'aa, na maelezo juu kabisa badala ya chini. Vile vichupa alivinyang'anya. Tulipoipita Urambo, mama mmoja aliyekuwa na mtoto mgongoni alishika kichwa, na macho yake yakaenda kwenye mkebe.

"Tangu jana umekunywa dawa gani?" nikamuuliza.

Akashangaa kuulizwa. Akasema hajanywa kitu. Mafua? Hapana. Dawa ya mgongo? Hapana. Nikatoboa kidonge nikamwekea kiganjani. Akangoja. Nilijua anachongoja, na watu wa pande zote wakawa wananitazama koo.

"Sionji," nikasema. "Daktari amenikataza."

Yule mama alikiweka kidonge juu ya kiti, taratibu, bila ubaya, akageukia dirishani akiwa bado amekunja uso kwa maumivu. Niliona aibu mpaka masikio yakachemka. Nusura nichukue kimoja. Nawaambia kweli, mkono ulikuwa umeshafika kwenye boksi.

Shangazi akauondoa mkono wangu. Akachukua karatasi nzima ya vidonge ambayo haijaguswa, akampelekea yule mama na kumgeuzia nyuma na mbele.

"Pitisha kidole hapa, mwanangu. Imefungwa huko huko ilikotengenezwa. Kuna tundu?"

Mama akapitisha kidole. "Hakuna."

"Basi toboa mwenyewe."

Akaichunguza tena, akatoboa kimoja, akameza kwa maji yake mwenyewe. Nikamwambia asirudie kabla jua halijazama, na kama atapewa na mtu mwingine cha rangi yoyote, aulize kwanza kina nini. Akaitikia kwa kichwa. Kisha, kwa kuwa alikuwa na malezi, akatoboa cha pili na kuninyooshea kwa mikono miwili.

"Na wewe, Mwalimu?"

"Asante, mama," nikasema. "Mimi nilishakunywa vya kwangu, na vya Tura nzima."